Risiti ya Kesho

Ofisini kwetu Saint Paul kulikuwa na jaribio lililofaulu mchana na kufeli jioni, kama mtoto anayeshika masomo mpaka adhana ya magharibi.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Mtu akibadili hata mstari mmoja wa programu, mtambo unaunda klasta ndogo ya Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu zilizofungwa kwenye makontena, ndani ya seva, unaiwasha programu kwenye kontena, unaihangaisha kwa maswali, kisha unaibomoa klasta yote. (Google waliitangaza Kubernetes Juni 2014, mwezi uleule treni ya Green Line ilipoanza kuunganisha Saint Paul na Minneapolis, riziki yangu inavitegemea vyote viwili.) Jibu huja kwa rangi: kijani, nenda nyumbani; nyekundu, kaa.

Mimi ndiye niliyekuwa nakaa, kwa kuwa zamu ya jioni hupewa kapera. Januari ile, ikishafika saa kumi na mbili jioni, jaribio lile, la kukagua risiti zinazotolewa na programu, linageuka jekundu. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alidai seva ina memori ndogo, tukaiongeza. Mwingine akalaumu mtandao. Wa tatu, mwenyeji wa hapa, akasema ni baridi: nje nyuzi 20 chini ya sifuri, na hoja hiyo aliitoa akiwa amevaa kaptula. Bosi akaamuru mtambo urudie mara tatu kabla ya kukata tamaa. Likafeli mara tatu. Asubuhi, kijani! Aliyeliandika alikwishahamia Texas kufuata joto, na ujumbe hajibu.

Alhamisi moja, saa mbili na nusu usiku, mama akapiga simu kutoka Tanga, ametoka kuswali alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo Ijumaa, usikose msikitini."

"Mama, huku bado Alhamisi."

"Mpaka saa hizi? Mnangoja nini?"

Sikuwa na jibu, maana kwenye skrini mbele yangu ilikuwepo risiti iliyokataliwa, nayo imeandikwa tarehe ya Ijumaa. Kontena lisipoelekezwa vingine kwa kawaida hufuata saa za UTC, zile za rejea za dunia nzima, ambazo wakati wa baridi ziko saa sita mbele ya Saint Paul. Kwetu ikiwa saa kumi na mbili jioni, UTC ni saa sita usiku na tarehe imeshageuka. Mashine inayokagua ilifuata saa za hapa. Basi programu ikitoa risiti ya kesho, mkaguzi anadai ya leo.

Nilishauri mashine ya ukaguzi nayo iwekwe UTC. Bosi akasema hakuna muda wa mageuzi, toeni saa sita tu kwenye risiti. Tukatoa, na tukapongezana.

Machi, Jumapili ya pili, Marekani ikasogeza saa mbele kama ada yake, tofauti na UTC ikawa saa tano. Sasa jaribio likawa linafeli muda wa saa moja tu, kati ya saa sita na saa saba usiku. Yale majaribio makubwa ya usiku yalipangiwa kuanza saa sita na dakika tano, na yakifeli mtambo humpigia bosi simu wenyewe, bila kujali amelala.

Siku ya pili tu muda wa mageuzi ulipatikana. Nawe unayeandika majaribio, usitoe saa wala usijumlishe: weka mashine zote UTC, yaishe.