Ukiona Imekuwa, Ndiyo Imekuwa

Ukitaka kujua nyumba yako ina wataalamu wangapi, teleka sufuria ya shira. Pika biriani uone: watu watakaa sebuleni kwa adabu zao wakingoja kuitwa. Kaanga samaki, hakuna atakayekuja kukuuliza kama mafuta yamepata moto. Lakini sukari na maji vikishakutana jikoni, hapatoshi. Anakuja hata yule ambaye chai yake mwenyewe huchemshiwa.

Kwetu mpika shira ni mimi. Cheo hiki nilipewa, sikukiomba. Ramadhani ilipoingia, mama watoto aligawa kazi: yeye unga wa kaimati, binti tambi, na mimi nikaambiwa nishike shira "kwa kuwa ni kazi nyepesi". Nyepesi! Pishi la vitu viwili ndilo gumu, maana huna pa kusingizia. Mchuzi ukiharibika utasema nyanya zilikuwa chachu. Shira ikiharibika utasema nini, maji yalikuwa mabichi?

Nikaenda kwa mama mkwe kuuliza vipimo, maana visheti vyake vinasifika mpaka mtaa wa pili. "Sukari weka kiasi," akaniambia, "na maji kiasi." Kiasi gani, mama? "Kiasi chake, baba." Na niipue lini? "Ukiona imekuwa, ndiyo imekuwa." Mkwe habishiwi. Nikashukuru, nikaaga, nikarudi nyumbani na elimu yangu ile ile niliyoondoka nayo.

Kwa hiyo vipimo ninavyovitumia havina baraka za mzee yeyote. Shira ya kaimati: vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji, iliki ya kupondwa, na zafarani kama mfuko unaruhusu. Ya kutia kwenye juisi: kikombe kwa kikombe, basi. Unaanza na moto mdogo, unakoroga mpaka sukari iyeyuke yote, halafu unaweka mwiko chini.

Hapo kwenye kuweka mwiko chini ndipo vita inapoanza. "Koroga, itashika chini!" anapiga kelele shangazi kutoka ukumbini, ambako sufuria haionekani. "Usikoroge, utaigandisha!" anajibu shemeji, ambaye sijawahi kumwona ameshika mwiko isipokuwa kuupisha njia. Na kwa bahati mbaya shemeji ndiye mwenye haki. Lita 1 ya maji yanayochemka hubeba karibu kilo 5 za sukari, lakini maji hayo hayo yakipoa yakawa vuguvugu la chumbani hubeba kama kilo 2 tu. Ile ya ziada inatafuta pa kushukia. Ukikwangua punje moja iliyogandia ukingoni ikaangukia ndani, umewapa wenzake kituo. Unalala na shira, unaamka na mchanga. Shemeji hayajui haya, alibahatisha tu. Lakini tangu siku ile anapita jikoni mikono nyuma kama mkaguzi wa mitihani.

Dawa ya kuganda ni ndimu, matone machache. Ule ukali wake unaivunja sehemu ya sukari ikawa glukosi na fruktosi, na hizo mbili zikishajichanganya humo ndani, sukari iliyobaki inapata tabu kushikana. Mweleze hayo shangazi. "Ndimu kwenye shira! Unapika achari?" Ukweli ni kwamba kwenye visheti hakosei. Visheti vinataka sukari ivishike kwa nje, ikauke, iwe nyeupe. Huko ndimu ni mharibifu. Kaimati zinataka shira ing'are na iteleze. Ni mapishi mawili tofauti, ila kwake yeye shira ni shira, na mimi ni yule kijana wa kuja aliyemwoa mtoto wao.

Sasa fikiria haya yote yanatokea saa 11 na nusu jioni, nyumba nzima imefunga. Hakuna anayeruhusiwa kulamba hata tone, na ndiyo maana ubishi hauishi, wangeonja wangenyamaza. Kipimo kinabaki cha uzi. Unadondosha tone kwenye kisahani, unalipuliza lipoe, unalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, unaviachanisha polepole. Uzi mmoja mwembamba ukivutika bila kukatika upesi, zima jiko. Ukikatika papo hapo, bado. Basi kila mtu anataka kuvuta uzi wake. Vidole vinaunguzwa, visahani vinachafuka, mmoja anaapa ameona nyuzi mbili. Mwisho tunamwita mjukuu, ambaye ndiye pekee asiyefunga, atoe hukumu. Analamba, anafumba macho, anafikiri. "Bado," anasema. "Nipe tena."

Na huo ni ugomvi wa jiko tu, hatujafika kwenye friji. Nina chupa ya shira nyepesi humo, ya kutia kwenye juisi ya ukwaju na chai ya baridi, maana sukari kavu ukiitia kwenye kinywaji cha barafu inakaa chini ya glasi ikikutazama. Ni kitu cha maana kabisa, kinakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Kasoro yake ni kwamba kimetiwa kwenye chupa ya maji, kwa sababu hakuna nyumba hapa mjini inayotupa chupa ya maji. Niliandika SHIRA kwa kalamu ya wino mzito. Shemeji alitoka mpirani, akafungua friji, akapiga mafunda manne makubwa kabla ulimi haujampelekea habari. Akanilaumu mimi. Eti maandishi yalikuwa yametazama ukutani.

Mama watoto akasema tuache ushamba, tununue ile ya dukani. Nikaenda kwenye duka moja kubwa lenye viyoyozi, nikaikuta imepangwa rafuni, chupa ndefu ya kioo, imetoka ng'ambo. Nikaigeuza nyuma nisome ndani mna nini. Sukari, maji, ladha ya vanila. Bei yake ingeninunulia sukari ya kupikia shira ya mtaa. Nikairudisha taratibu, nikamwambia mlinzi naangalia tu.

Ingawa sukari nayo si ya kuichezea. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa, na ikatangazwa bei elekezi. Bei elekezi ikakaa gazetini, sukari ikakaa dukani na bei yake. Mwaka ule tuliingia Ramadhani tukiipima kwa vijiko, na ndio mwaka pekee ambao sikusikia mtu akisema shira yangu nyepesi. Walikuwa wanachovya kaimati kwa heshima, kila mtu moja moja, kisahani kikipitishwa kama mchango wa msiba.

Mwaka huu hali imekuwa nafuu na midomo imefunguka tena. Jana shira ilitoka vizuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna atakayenisemea. Kaimati zikaingia za moto, zikajiviringisha, zikatoka zinang'aa. Bakuli likaisha kabla sijamaliza tende yangu. "Leo unga umekuwa mzuri," wakamsifu mama watoto. Shangazi akaongeza kuwa hata iliki inasikika.

Ikabaki sufuria, imegandiwa na ngozi ngumu ya sukari mpaka kwenye mikono. Haihitaji kukwanguliwa kwa kijiko: unatia maji, unarudisha motoni, sukari inajiondoa yenyewe. Nilitaka kumwonyesha mtu maarifa haya, nikageuka, jikoni hamna hata mmoja. Wote walikuwa wamekwenda tarawehe. Hata shemeji, ambaye msikiti wenyewe nina hakika aliuliza njia.