Kalavati Moja, Zabuni Nne

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

YAH: PONGEZI KWA KULIGAWA KALAVATI

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mwashi mstaafu. Nimejenga makalavati tangu enzi tulizokuwa tukivingirisha mabomba ya zege kwa mikono, na nilidhani kalavati nalijua.

Lile la njia ya gulioni, lililobomolewa na masika, nililiona ni kitu kimoja: maji yapite chini, watu wapite juu. Wataalamu wako wakaona vitu vinne. Kuchimba kukaombewa bei peke yake, mabomba peke yake, kuta za pembeni peke yake, na kushindilia kifusi peke yake. Kila kipande kikaangukia chini kidogo ya kiwango ambacho kingelazimu kazi itangazwe kwa wote. Muuza nyama wetu, anayesifika kwa kukata nusu kilo bila mizani, ameuliza kama ofisi yako inapokea wanagenzi.

Wenye husuda wanasema Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake haziruhusu kazi moja kukatwakatwa ili kukwepa ushindani. Ili kukwepa! Nani aliyewahi kuiona nia ya mtu? Kuchimba kuliombewa bei Jumatatu, mabomba Jumatano. Hiyo ni kalenda tu.

Na ushindani ulikuwepo, nimeuona kwa macho yangu kwenye nakala za diwani. Kampuni tatu zilileta bei. Zote tatu ziliandika “kalafati”, kana kwamba tunaziba jahazi. Zote tatu zilikosea hesabu kwenye mstari uleule wa saruji. Mbili zikawa ghali, ya tatu ikashinda kwa tofauti ya shilingi 12,000. Hapo ndipo nilipouelewa mfumo wa zabuni za mtandaoni wa NeST, ulioipokea kazi ya mfumo wa awali wa TANePS mwaka 2023. Zamani mtu aliyetaka kushindana na nafsi yake ilimbidi abebe bahasha tatu hadi ofisini na kubadilisha shati kila safari. Siku hizi anashindana akiwa amekaa, chai mkononi.

Sasa ombi langu. Asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengwa kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na sisi wazee. Waashi saba tumesajili kikundi. Tukaambiwa tuonyeshe kazi tatu za namna hiyo ndani ya miaka mitatu, pamoja na lori la tani saba la aina iliyotajwa kwa jina. (Vigezo vile vilimweleza mtu mmoja vizuri sana, kilichosahaulika ni jina la mama yake mzazi.) Tunafahamu kwamba aina ikitajwa hufuatwa na maneno “au inayolingana nayo”, hivyo tukapeleka mkokoteni wetu wa punda ukapimwe. Haukulingana. Hatuna kinyongo, na punda naye hana.

Tunachoomba ni kipande cha tano. Vile vinne vimelipwa na hati ya kukamilika kwa kazi imesainiwa, ila mabomba yamelazwa yakipanda kule mto unakoshukia, basi maji yamesimama upande wa shule yakisubiri maelekezo. Nimesoma mikataba yote minne: hakuna hata mmoja unaosema mabomba yalazwe kufuata mteremko. Kazi hiyo bado haina mwenyewe. Sisi tutaifanya kwa sururu, kamba na siku tatu, na bei yetu tumeiandika kwa mkono, kalavati kwa herufi “v”.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwashi mstaafu

Nakala: Mkaguzi wa Ndani. Aje kabla ya vuli, na aje kwa miguu. Gari halipiti.