Wenye Macho ya Mbali

Msimu wa likizo ukiisha Dodoma, zamu yetu tunaijua: kutazama picha. Mheshimiwa kapiga mfereji wa Amsterdam asubuhi, mchana na jioni, maji yaleyale, suti tofauti. Kapiga kasri la Neuschwanstein, Ujerumani, akatuandikia chini yake: "Wenzetu wanatunza historia!" Nasi, kwa adabu zetu, tukabonyeza dole gumba.

Basi tuitazame hiyo historia. Kasri hilo lilianza kujengwa mwaka 1869, na likaingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2025. Mifereji ya Amsterdam iliingia 2010. Michoro ya miambani ya Kondoa iliwatangulia wote, mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, bila simu ya kamera tatu. Na lami ya kwenda Kolo, iliko michoro hiyo, ipo. Mheshimiwa huipita kila aendapo semina Arusha, vioo vimepandishwa, usingizi wa kiyoyozi umemkolea.

Tembe la Mgogo nalo lina kosa lake: paa ni la udongo, haliendani na suti. Mzungu akifunga safari kuja kulipiga picha, tunamwona hana kazi.

Tusimlaumu mheshimiwa. Kolo hakuombwi viza, posho yake hailipwi kwa yuro, na ukimwonyesha jirani picha ya mwamba atakuuliza tu: "Kwani gari liliwaharibikia?"