Mheshimiwa, Mawe ya Kalokol Hayahitaji Mgeni Rasmi

Kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Malikale na Utalii,
Ofisini, ghorofa ya juu,
Nairobi.

KUH: ZIARA YAKO TUNAYOITARAJIA KATIKA NGUZO ZA MAWE ZA NAMORATUNGA

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Turkana, ambako bado utawasikia wazee wakisema kwamba anayesafiri kwenda Kitale anakwenda Kenya. Kila anayekalia kiti chako huapa kuufungua utalii wa kaskazini, nasi tunajua kwamba kiapo cha namna hiyo huanza na ziara na mara nyingi huishia hapo hapo. Nimeona nikuandikie mapema ili siku ikifika usipate taabu.

Nguzo zenyewe ziko kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, kwa hiyo helikopta haitahitajika. Najua habari hii itakusikitisha. Ukishuka garini utakuta mawe 19 ya basalti, meusi, yamechomekwa ardhini, mengine wima na mengine yameinama. Ikifika saa nne asubuhi yanakuwa yamekwisha kushika moto, basi usiegemee lolote kwa ajili ya picha. Juu ya nguzo utaona vijiwe vidogo. Tafadhali usiamuru vifagiliwe. Vimewekwa na wapita njia kwa heshima.

Wenyeji watakusimulia kwamba nguzo hizi zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Wakamcheka mgeni asiyefaa kuchekwa, wakageuka mawe papo hapo. Kwa hiyo ukiona umati umekaza nyuso wakati wa hotuba yako, usidhani wanakusikiliza kwa makini. Wanajikinga.

Kuhusu mahema na kapeti jekundu, nakusihi uviache Nairobi. Upepo wa huku si wa mchezo: ng'ambo ya pili ya Ziwa Turkana wamesimamisha mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo huo. Hema la wageni mashuhuri litaokotwa na wavuvi.

Najua wasaidizi wako watataka kukuandikia maelezo ya kitaalamu, basi nami niwapunguzie kazi. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, walitangaza kwamba nguzo hizi zilipangwa kufuata nyota zile ambazo Waborana huzitumia katika kalenda yao. Dunia ikasisimka. Baadaye mtafiti mwingine, Robert Soper, akaja kupima tena na kugundua kwamba mawe yenyewe yana usumaku na yanaivuta dira. Mheshimiwa, jiwe linaloweza kuipotosha dira halitashindwa na mshauri elekezi wako. Mwambie aje taratibu.

Uchimbaji wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba nguzo za namna hii kuzunguka ziwa ni alama za makaburi ya wafugaji wa kwanza wa eneo hili, wa kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita. Kubwa kuliko yote ni Lothagam Kaskazini, ambako matokeo ya utafiti yalichapishwa mwaka 2018. Watu wale walijenga jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30 hivi, wakazika humo watu wanaokadiriwa kuwa wasiopungua 580, kisha wakafunika na kusimamisha juu yake nguzo walizozikokota kutoka mbali. Kazi hiyo ilichukua vizazi na vizazi.

Sasa hapa, Mheshimiwa, ndipo ninapoomba uketi.

Wataalamu walitafuta kaburi la mkubwa wa watu wale. Hawakuliona. Humo wamelala wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, na karibu kila mmoja ana mapambo yake: shanga za mawe ya rangi, shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Mmoja alizikwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Lakini hakuna dalili ya tabaka la waheshimiwa waliotengewa upande wao. Hapana mwenyekiti, hapana katibu, hapana mgeni rasmi. Na kwenye nguzo hakuna kibao hata kimoja kinachosema kwamba jengo hili lilizinduliwa na fulani, tarehe fulani, mbele ya fulani.

Tena waliyafanya haya wakati mbaya. Mvua zilikuwa zinaadimika na ziwa linarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Sisi ukame ukitukuta tunaunda kikosi kazi na kukipeleka Naivasha kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Wao walikusanyika wakabeba mawe. Harambee hiyo haikuwa na orodha ya wachangaji iliyosomwa kwa kipaza sauti, na huenda ndiyo sababu ilikamilika.

Nchi yetu nayo ni hodari wa mawe. Zunguka kaunti yoyote utaona mawe ya msingi yamesimama peke yake nyikani, majina yamechongwa kwa dhahabu, mbuzi wanajikuna. Mtafiti wa miaka 5,000 ijayo atayachimba akitafuta hospitali, chuo au kiwanda, asikute kitu. Ataandika kwamba lilikuwa taifa la watu wa ibada sana, waliokuwa wakiabudu tarehe.

Na kama ungependa kulinganisha, hapo hapo Kalokol kipo kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi siku chache tu, ikabainika kwamba gharama ya kukiendesha kwenye joto hili haibebeki. Kilikuwa na wafadhili, michoro na wahandisi. Nguzo 19 hazikuwa na lolote kati ya hayo, na bado ziko kazini.

Nisikuchoshe. Ombi la kwanza ni kwamba mawe yasihamishiwe Nairobi kwa usalama wake. Tunaye mtoto wetu mmoja huko, yule Mvulana wa Turkana ambaye Kamoya Kimeu aliuona mfupa wake wa kwanza karibu na Nariokotome mwaka 1984. Ana umri wa miaka milioni moja na nusu na hajarudi nyumbani hata kwa likizo.

Ombi la pili ni mlinzi. Asiwe mpwa wa mtu. Achaguliwe miongoni mwa wafugaji wanaopita hapo kila siku na mbuzi wao, alipwe mshahara wake mwisho wa mwezi, mwezi huo huo. Wazazi wake wamezilinda nguzo hizi kwa hadithi tu bila shilingi, na kazi yao inaonekana.

Ombi la tatu ni kibao cha maelezo kwa Kiturkana, Kiswahili na Kiingereza, chenye maelezo ya mawe bila picha yako, na kandoni kivuli na tangi la maji kwa wanafunzi wa Lodwar watakaoletwa kujifunza. Gharama yake yote haifiki posho za msafara wako wa siku moja, pamoja na mafuta ya magari yatakayoachwa yakinguruma ili viyoyozi visizime.

Ukiyaweza hayo, huna haja ya kuja, tutakutumia picha. Usipoyaweza, pia usije.

Wako mtiifu,
Mlipa kodi wa Turkana