Zilipendwa na Nani?

Kiswahili kina neno moja la ujanja kwa nyimbo za zamani: zilipendwa. Mpenzi mwenyewe hatajwi. Zilipendwa, sawa, lakini na nani, watu wangapi, na ni nani aliyekaa chini akawahesabu? Wimbo ukishapewa cheo hicho mjadala umefungwa; hata ule ambao enzi zake watu waliutumia kama nafasi ya kwenda kuchota maji, leo ukipigwa harusini wanafumba macho kama wako kwenye dua. Sasa hilo swali la "na nani" ndilo ambalo vipindi vya redio vya kuhesabu vibao, zile Kumi Bora, Ishirini Bora na Arobaini Bora, vilidai kulijibu kila wiki, kwa sauti ya mtangazaji asiye na chembe ya shaka. Hoja yangu ni kwamba havikuwahi kulijibu. Vilibahatisha. Hesabu ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, na tunachokililia leo ni huo ubovu wake, kwa sababu siku hesabu ilipotengenezwa ikawa sahihi, kipindi kilianza kufa.

Marekani ilianza kurusha kipindi cha Your Hit Parade mwaka 1935, kwa fedha za kampuni ya sigara za Lucky Strike. Nyimbo zilipangwaje? Umma haukuwahi kuelezwa. Kampuni ilisema imefanya utafiti, basi. Msikilizaji awashe sigara yake aamini. Uingereza ilijaribu kuwa wazi zaidi, na hapo ndipo ilipojiumbua. Orodha yake ya kwanza ilichapishwa na gazeti la New Musical Express tarehe 14 Novemba 1952, na kazi ilifanyika hivi: Percy Dickins wa gazeti hilo aliyapigia simu maduka ya santuri yapatayo 20, akauliza kinachouzika, akajumlisha. Matokeo yaliitwa Kumi na Mbili Bora. Zilikuwa nyimbo 15. Baadhi zilifungana kwa alama, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumtoa mtu nje. Ni hesabu ya mama ntilie anayekuambia chapati zimebaki mbili, kisha anakufungia tatu. Na fikiria mwenye duka upande wa pili wa ile simu, ana santuri 50 za mwimbaji fulani zilizomdodea chini ya meza, anaulizwa ni zipi zinazotoka sana wiki hii. Malaika ndiye angejibu vinginevyo.

Mwaka huohuo wa 1952 redio ya taifa ya India ilikuwa imezibana nyimbo za filamu, maana waziri aliyehusika aliziona za kihuni mbele ya muziki wa jadi. Wasikilizaji wakahamishia masikio Radio Ceylon, ambako Ameen Sayani alianza kuendesha Binaca Geetmala, kipindi kilichokuwepo ili kuuza dawa ya meno. Mwanzoni hakikuwa hata na madaraja: vilipigwa vibao saba bila mpangilio, na msikilizaji ndiye aliyetakiwa avipange kwa barua. Baadaye kikawa cha kuhesabu, kwa kuchanganya mauzo ya madukani na kura za vilabu vya wasikilizaji, na kila wimbo ukawa na ngazi yake ya kuipanda. Masafa mafupi ya Ceylon yalivuka bahari hadi pwani yetu hii, ambako wana taarabu walikuwa tayari wanaokota melodia za filamu za Kihindi na kuzivisha kanga. Kwetu wenyewe hata simu ya Percy Dickins isingefua dafu. Kaseti nyingi za mitaani zilikuwa za kudurufu, na fundi wa kibandani aliyekurekodia nyimbo ulizomwandikia kwenye karatasi hakuwa na daftari la mauzo. Vituo vya FM vilipofumuka miaka ya 1990, Kumi Bora zikapangwa kwa simu za wasikilizaji, ladha ya mtangazaji na, tuseme ukweli, ujamaa.

Bado watu walisikiliza, tena kwa nidhamu ambayo hawakuipeleka shuleni wala msikitini. Sababu yake naiona katika mfano mmoja, kipindi cha American Top 40, kilichoanza wikiendi ya tarehe 4 Julai 1970 kwenye vituo saba tu. Msimulizi wake Casey Kasem, mzaliwa wa Detroit kwa wazazi wenye asili ya Lebanoni, ndiye huyohuyo aliyekuwa sauti ya Shaggy kwenye katuni za Scooby-Doo, kwa hiyo taarifa zote nzito za muziki wa Marekani zilisomwa na kijana anayeogopa mizimu. Orodha yake ilitoka jarida la Billboard, lililotegemea taarifa za maduka na vituo vya redio. Watoa taarifa wakiwa binadamu, walikuwa waoga: wimbo ulioshika nafasi ya tisa wiki jana, wiki hii uliwekwa ya saba, hakuna aliyetaka kuonekana kichaa. Basi wimbo ulipanda kama mtumishi wa serikali, daraja kwa daraja, na ukistaafu ulistaafu taratibu. Huo ni woga wa makarani, lakini redioni uligeuka hadithi. Una mtu wako yuko nafasi ya 23, amepanda hatua nne, mbele yake kuna mtu usiyempenda amekwama wiki ya tatu. Hiyo ni ligi, na ligi haihitaji mwamuzi mwadilifu ili ifuatiliwe. Wapenzi wa soka watathibitisha.

Mwaka 1978 Kasem akaongeza barua za kumtumia wimbo mpenzi aliye mbali, na Wamarekani wakalipokea jambo hilo kama uvumbuzi. Msikilizaji wa Afrika Mashariki angeuliza: si salamu hizi? Tofauti ni kwamba Kasem alisoma barua moja kwa machozi, wakati mtangazaji wa kipindi cha salamu ana rundo la kadi, na kila kadi ina majina ishirini, kuanzia babu aliyeko Singida hadi "wote wanaonifahamu popote walipo". Lakini machozi nayo yana ajali zake. Mwaka 1985, wakati wa kurekodi, Kasem aliwekewa wimbo wa kuchangamka wa Pointer Sisters, na papo hapo akatakiwa asome barua ya msikilizaji aliyefiwa na mbwa. Aliwaka. Aliwatukana mafundi wake matusi ya nguoni, akitaka kujua nani mwenye akili timamu anayetoka kwenye dansi kuingia kwenye msiba wa mbwa. Kanda ya matusi hayo ilivuja, na leo wapo wanaoifahamu kuliko kibao chochote cha namba moja cha mwaka ule. Sishangai. Ni kielelezo kamili cha kipindi kizima: watu wazima wanagombana kwa dhati kabisa juu ya mpangilio wa vitu visivyopangika.

Na upande wa msikilizaji, mambo yalikuwa hayohayo kwa udogo wake. Kurekodi wimbo redioni ilikuwa kazi ya kunyatia, kama kukamata kuku. Kwanza itafutwe kanda, ambayo kwa kawaida ni ya mahubiri ya shangazi, na vile vitundu vyake vya juu vizibwe kwa karatasi iliyotafunwa ili redio kaseti ikubali kurekodi juu yake. Kidole kimoja kwenye kitufe cha kupiga, kingine kwenye kitufe chekundu, pumzi imebanwa. Mtangazaji anatangaza wimbo. Gitaa linaingia, bado anaongea. Ngoma zinaingia, anataja jina la kituo. Mwimbaji anafumbua mdomo, ndipo bwana mkubwa anatakia kila mtu Jumapili njema. Vifute vyote hivyo, bado kuna wanaorekodi kwa redio mbili zilizotazamana, ambao katika ubeti wa pili wanapata sauti ya mama kutoka jikoni akiuliza nani kahamisha ndoo. Miaka mingi baadaye wimbo ule ukipigwa hotelini, mtu anaisubiri ndoo haiji. Kisha betri zinalegea, zile zilizokwisha kuanikwa juani na kung'atwa meno mara mbili, na Whitney Houston anaanza kushuka taratibu hadi anakuwa mzee wa kanisa. Mwaka 1981 wenye kampuni za santuri Uingereza walianzisha kampeni ya kuwaonya watu kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki, na nembo yao ilikuwa kaseti yenye sura ya fuvu juu ya mifupa miwili. Kwa ubora wa rekodi ninazozieleza, ningesema muziki ulijeruhiwa tu, tena kwa bahati mbaya.

Hapa mtu makini atanikatiza, na ana haki. Atasema ubovu wa hesabu haukuwa kichekesho kwa kila mtu, uliwadhulumu watu. Ni kweli, na ushahidi wake hauna ubishi. Mei 1991 Billboard iliacha kuwauliza makarani wa maduka kwa orodha yake ya albamu, ikaanza kutumia SoundScan, mfumo wa kompyuta uliohesabu kila albamu ilipopitishwa kwenye kaunta. Wiki chache tu baadaye, Juni, albamu ya N.W.A, vijana wa rapu ambao watu wa heshima waliziba masikio wasiwasikie, ikashika namba moja. Septemba ya mwaka uleule, Garth Brooks akaingia moja kwa moja kileleni na albamu ya kantri. Kumbe watu hao walikuwa wakinunuliwa, ila makarani hawakuona fahari kuwataja. Kwa hiyo sitamwambia mtu yeyote turudi kwenye simu ya Percy Dickins. Mwimbaji ana haki ya kuhesabiwa sawasawa, na mhasibu wake zaidi. Ninachokataa ni dhana kwamba hesabu ya mhasibu ndiyo inayofaa kuwekwa redioni Jumapili jioni. Mwaka 1995 Michael Jackson akawa wa kwanza kuanzia namba moja kwenye orodha ya nyimbo ya Billboard, Hot 100, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ianzishwe mwaka 1958. Kwa mhasibu ni rekodi. Kwa msikilizaji ni hadithi iliyoanzia mwisho: wimbo umefika kabla haujaondoka, na kilichobaki ni kuutazama ukishuka.

Wa pili atasema huu wote ni ujana tu: kila mzee husifia mvua za enzi zake, na mtu anayelilia Kumi Bora analilia kiuno chake cha miaka 17. Pingamizi hili ni zuri, nalo lina kasoro moja. Kama tungekuwa tunazililia nyimbo, au ujana uliomo ndani yake, dawa ipo mfukoni. Simu inazo zote, bila shangazi wala ndoo. Lakini vipo vituo vya redio Marekani vinavyorusha upya vipindi vizima vya Kasem vya miaka ya 1970 na 1980, vilevile vilivyokuwa, na BBC Radio 2 ina Pick of the Pops, inayochukua orodha ya wiki fulani ya mwaka wa zamani na kuihesabu tena. Watu wanasikiliza pamoja na nyimbo mbaya zilizokuwemo. Mtu mwenye uwezo wa kuchagua wimbo anaoupenda anakaa akiusubiri ufike kwa zamu yake, nyuma ya nyimbo sita zinazomkera. Huyo hatafuti wimbo, anatafuta foleni.

Basi atatokea wa tatu, kijana, atuambie foleni zipo hata leo, afungue orodha yake ya nyimbo zinazosikilizwa zaidi. Na tuitazame. Machi 2017 Ed Sheeran alitoa albamu, na hesabu mpya, sahihi hadi msikilizaji wa mwisho, ikamweka kwenye nafasi 16 kati ya 20 za juu Uingereza. Nyimbo 16! Ilibidi kanuni zibadilishwe ili msanii mmoja asizidishe nyimbo tatu, maana yake wenye orodha wenyewe walikiri kwamba ukweli mtupu hausikilizwi, lazima utiwe chumvi kidogo. Halafu wimbo wa Krismasi wa Mariah Carey, uliotoka mwaka 1994, ukafika namba moja Marekani kwa mara ya kwanza Desemba 2019, ukiwa na umri wa miaka 25. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Lakini jaribu kumfikiria msikilizaji aliyekuwa akiufuatilia ukipanda.

Hukumu yangu juu ya hesabu safi ni kwamba haina mtu wa kugombana naye. Ukikasirika kwamba wimbo wako umewekwa wa nane, unamkasirikia nani, kompyuta? Zamani ulikuwa na mtangazaji wa kumlaani kwa jina, na Jumatatu asubuhi kituoni kwenye daladala ulikuta wenzako nao wamemlaani kwa wimbo huohuo, saa ileile.

Na kipindi chenyewe kimezidi kubanwa. Uingereza, hesabu ya Jumapili iliyokuwa ikidumu saa tatu ilihamishiwa Ijumaa jioni Julai 2015, kwa kuwa muziki mpya sasa hutoka Ijumaa, ikapewa saa moja na dakika 45. Nyimbo bado ni 40. Gawanya mwenyewe, na umwachie mtangazaji nafasi ya kupumua.