Chungu cha Mama Mkwe na Goli la Pretoria

Nyumba yangu ina televisheni moja, kisimbuzi kimoja, na mwana Yanga mmoja na nusu. Mmoja ni mimi. Nusu ni kijana wangu wa miaka tisa, ambaye Yanga ikishinda analala na jezi, ikifungwa anakumbuka kwamba mama yake ni Simba. Waliobaki wote ni wekundu: mama watoto, binti yangu mkubwa, shemeji yangu aliyekuja kwa wiki mbili tangu mwaka jana, na kuanzia mwanzo wa Ramadhani, mama mkwe, aliyeshuka kwenye basi la Lindi na begi moja, kiroba cha mihogo na chungu.

Chungu chenyewe ni cha udongo, cheusi kwa masizi, kina ufa ubavuni uliozibwa sijui kwa dawa gani. Mama hapiki mihogo ya nazi kwenye sufuria. Anasema sufuria inapika mbiombio kama mtu anayedaiwa. Siku aliyofika alikitua jikoni, akanitazama, akasema, "Mkwe, hiki kimemtangulia mkeo kwangu." Nikaelewa nimekabidhiwa lindo.

Sasa mjue shida yangu. Mtani wa mtaani akinirushia neno, namjibu. Shemeji namjibu mara mbili. Mama mkwe unamjibu nini? Huyu ni mtu aliyeipenda Simba ikiwa bado inaitwa Sunderland, kabla ya 1971. Tarehe 5 Novemba 2023 tulipowachapa 5-1 nilimpigia simu, salamu tu, wala sikugusa mpira. Akaniuliza hali, akauliza watoto, kisha taratibu: "Nimesikia mmepata tano. Hongereni. Ile ya sita mnaitarajia lini?" Alikuwa anasemea 1977, Simba walipotufunga sita bila, Abdallah Kibadeni peke yake akifunga matatu. Nilimwamkia shikamoo mara ya pili, simu ikakatika. Niliikata mimi.

Ijumaa ya tarehe 5 Aprili 2024, basi. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, timu nane bara zima, mbili zikiwa za Kariakoo. Hakuna nchi nyingine iliyoingiza mbili. Wiki moja nyuma, pale uwanja wa Mkapa, Simba alikuwa amefungwa moja na Al Ahly, na sisi tukatoka bila bila na Mamelodi Sundowns. Marudiano yakaangukia usiku mmoja: Yanga Pretoria saa 3, Simba Cairo saa 5. Shemeji aliita hiyo bahati, kwamba televisheni moja itatosha. Mimi niliona balaa, ila mtu aliyefunga hatabiri mabaya kabla ya futari.

Mvua ya masika ilikuwa inanyesha Tandika tangu alasiri. Mama alizoea kupikia daku uani, mvua ikamfukuza. Akaliingiza jiko la mkaa jikoni, akaliweka karibu kabisa na mlango wa korido ili moshi upate pa kutokea, akateleka mihogo yake. Naomba mlikumbuke jiko hilo lilipokaa.

Mechi yetu sitaisimulia yote. Nitasimulia sekunde mbili tu. Kipindi cha pili, Aziz Ki kapata mpira nje ya boksi, mguu ule wa kushoto. Kipa wao, Ronwen Williams, karuka hakuufikia. Mpira ukagonga mtambaa panya kwa chini, ukashuka, ukadunda, ukatoka. Mimi nilikuwa nimeshasimama juu ya kochi. Kijana kanirukia shingoni. Mama watoto, Simba mtupu, alipiga kigelegele kisha akajiziba mdomo. Mwamuzi akaweka kidole sikioni, wenzake wa VAR wakamwambia wanayoyajua wao, mchezo ukaendelea. Marudio yalipoonyeshwa, kila aliyevaa kijani nchi hii aliona mpira uko ndani. Shemeji, akitafuna tende, akasema, "Shemeji, sheria inataka mpira wote. Wote."

Yaliyofuata ni matuta. Williams huyu ndiye, Februari ya mwaka huohuo, aliyedaka penalti nne za Cape Verde kwenye AFCON. Aziz Ki akakosa. Job akakosa. Bacca akakosa. Tatu kwa mbili, kwaheri.

Nilitoka uani. Nilijisemesha kwamba nakwenda kukinga maji ya mvua, nikasimama pale na ndoo ambayo ilishajaa. Mama watoto akanifuata na kanga kichwani. "Baba watoto, ingia ndani, utaumwa kifua." Nikamwambia ndoo haijajaa. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akaichukua ndoo akaimwaga, akaniwekea tena chini tupu. "Haya, kinga," akasema, akaingia zake ndani. Tumeoana miaka kumi na minne. Sijui kama kuna siku nyingine nilimpenda vile.

Niliporudi Simba walikuwa wameshaanza. Nilikaa pembeni kwa heshima zote, kimya, kama mgeni aliyekosea nyumba. Wanahitaji bao, hawalipati, Waarabu nao hawana haraka. Mapumziko bila bila. Ningekaa hivyohivyo mpaka daku, kama shemeji asingerudia. "Wote, shemeji. Usipovuka wote, si goli."

Mimi ni fundi seremala. Mtu anaweza kunishinda kwa maneno, kwa vipimo haiwezekani. Nikamwambia goli la mpira ni futi 8 kwenda juu na futi 24 kwenda pembeni, na mstari hauzidi inchi 5, sawa na unene wa nguzo. Mpira una kama inchi 8 na nusu. Ukigonga mtambaa kwa chini, tena kwa kasi ile, utashukia wapi kama si ndani? Akasema kwa msokoto unaweza kushukia popote. Akaniletea na la Lampard, England na Ujerumani, Kombe la Dunia 2010, Bloemfontein, Afrika Kusini hiyohiyo, mpira uliogonga mwamba ukavuka waziwazi na mwamuzi akakataa. Nikamwambia sasa si unanisaidia mimi? Akasema hapana, lile lilivuka, lenu ndilo halikuvuka.

Hapo nikaenda kuchukua chaki na futi.

Fremu ya mlango wa jikoni niliichonga kwa mkono wangu, mninga mtupu, futi 7 kasoro kidogo. Nikapiga mstari wa chaki kwenye kizingiti, inchi 5 kamili, nikaupaka mpaka ukajaa. Shemeji akaingia golini, kanzu ameikusanya kiunoni. Binti yangu akashika simu arekodi. Mpira ulikuwa wa kijana, mdogo kidogo kuliko wa kweli, na kijana mwenyewe alishaamua usiku huo yeye ni Simba, kwa hiyo alisimama upande wa mjomba. Mama alikuwa sebuleni anasubiri kipindi cha pili. Ni kweli nililitupia jicho lile jiko. Nilijiambia napiga juu, chungu kiko chini.

Kwa mguu wa kushoto, ili haki itendeke. Na sijawahi maishani kupiga shuti safi namna ile. Mpira uligonga fremu ya juu kwa chini, paap, vumbi la ukuta likamwagika, ukashuka mgongoni kwa shemeji, halafu nikasikia sauti ambayo haikufanana na mpira hata kidogo.

Chungu hakikupasuka vipande vipande. Kilifunguka. Ule ufa wa ubavuni ulijiachia taratibu, upande mmoja ukalala juu ya mkaa, na tui likaanza kumiminika kwenye moto kwa mlio wa nyoka. Jikoni kote kukajaa mvuke wa nazi. Kipande cha muhogo kilikuwa kimenata ukutani, juu ya swichi, kikateleza polepole hadi chini, na sote wanne tulikifuata kwa macho mpaka kilipotua.

"Nani?"

Mama alikuwa amesimama kwenye korido. Hakupaza sauti.

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Shemeji, aliyekuwa golini, ndiye aliyekuwa karibu na chungu kuliko wote. Kama mpira ulidunda kwenye mstari ukarudi nje, basi kilichovunja chungu ni kisigino chake alipojirusha nyuma. Kama ulishuka moja kwa moja hadi kwenye chungu, mvunjaji ni mimi. Alilitambua hilo upesi kuliko VAR yoyote.

"Umeingia!" akasema. "Mama, naapa, umeingia! Umegonga fremu ukashukia kwenye chungu. Mimi sijagusa kitu!"

"Wote?" nikamuuliza.

"Wote, shemeji! Wote mzima!"

Binti akaleta simu. Tukainamia vichwa vitano. Mpira unaonekana ukigonga fremu, unaanza kushuka, halafu skrini yote inakuwa kanzu. Kanzu, kanzu, kanzu, kisha mvuke. Mama akairudisha simu, akanigeukia mimi. "Wewe mpigaji, unasemaje?"

Nilikuwa na njia ya kujiokoa. Nilipaswa kusema tu haukuvuka, mama, ulidunda kwenye chaki, muulize mwanao kisigino chake. Chungu kingekuwa cha shemeji kulipa, na shemeji analipa kwa kuongeza wiki mbili. Lakini ningekuwa nimekiri kwa kinywa changu, mbele ya Simba watatu na nusu, kwamba mpira ule haukuvuka.

"Umeingia, mama," nikasema. "Nitalipa."

Akanitazama muda. "Basi umeingia," akasema. Shemeji akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani alikuwa ameanza kuelewa alichokishuhudia. Mnaosikiliza mahali popote, goli la Aziz Ki lilikubaliwa Tandika, usiku wa manane, na mashahidi wote walikuwa Simba wa Msimbazi.

Furaha yangu iliishi kiasi cha kutoka jikoni hadi sebuleni. Tulipofika Al Ahly walikuwa wameshafunga, sisi tukiwa kwenye kesi. Mwisho ikawa mbili bila, jumla tatu. Kariakoo nzima ikatolewa usiku mmoja. Mtaani palikuwa kimya kiasi kwamba mvua ilisikika bati kwa bati. Nilikuwa na utani wote tayari, Mwakarobo, robo fainali yenu ya mazoea, kila kitu. Nikamtazama mama. Alikuwa anakunja kanga yake magotini, anaikunjua, anaikunja. Akasema, si kwa mtu yeyote, kwamba Misri walimtoa Simba pia 1974, nusu fainali, Mehalla, kwa matuta, na yeye alikuwa msichana, na redio ilikuwa ya jirani. Kisha akasema, "Nanyi leo matuta." Nikaitikia ndiyo mama. Utani wangu nikaumeza na tende. Daku tulikula mkate na chai ya rangi.

Asubuhi niliokota mpira chini ya meza. Kwenye ubavu wake palikuwa na alama nyeupe, pana kama kiganja, ya chaki. Fundi anajua chaki inasema nini: mpira uligusa mstari, na ukigusa mstari haujavuka wote. Nilitazama nyuma, hapakuwa na mtu. Nikaupangusa kwa kidole gumba, nikaupandisha juu ya kabati.

Idd ikapita. Kwenye ligi Yanga tulikuwa tunaongoza, na tarehe 20 tulikuwa tukutane na Simba hawahawa kwa Mkapa. Nilikuwa najipa moyo kwa hilo kila nikikumbuka Pretoria, mara kama kumi kwa siku. Jumamosi nilikwenda sokoni kutafuta chungu. Bei siandiki, mama watoto anasoma. Nilikileta kimefungwa gazeti, mama akakifungua, akakigonga kwa kifundo cha kidole akiwa ametega sikio, akakijaza maji, akakaa mbele yake robo saa kuona kama kinavuja. Hakikuvuja. Akasema kinafaa, ila kizoeshwe moto kwanza, kisipewe mihogo mara moja.

"Mama, si ulisema Idd ikiisha unarudi Lindi?"

"Nirudi vipi, na mechi iko tarehe ishirini?" Akamwaga maji, akakikumbatia chungu kifuani, akaondoka nacho kuelekea vyumbani. Mlangoni akageuka. "Ila siku hiyo, mkwe, hiki kinalala na mimi."