Mtu Akifa Anazikwa, Hawekwi Rafuni

Jamani, ule Mkataba wa Versailles tuliokaririshwa shuleni, wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, una kichwa cha mtu wa Iringa ndani yake. Kifungu cha 246 kiliiamuru Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, katika miezi 6. Wakubwa wa dunia walikaa, wakaandika, wakatia saini tarehe 28 Juni 1919. Miezi 6 ikapita. Fuvu likaja kurudi 1954. Miaka 35! Nani asisonye hapo?

Hoja imezuka leo kijiweni kwetu, kahawa haijapoa. Kijana mmoja anayesoma sheria chuo kikuu kamwamkia mwalimu mstaafu, kisha kamuuliza: "Mzee wangu, hivi lile fuvu lilikaa Ulaya kwa sheria gani?" Mzee kaweka kikombe chini. "Mwanangu, hakuna sheria iliyolipeleka. Lilipelekwa na bunduki."

Kweli tupu. Wahehe walilipiga jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na kamanda wao Zelewski akafia hapohapo. Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaibomoa ngome ya Kalenga mwaka 1894. Mkwawa akapigana vita vya msituni miaka minne zaidi, na mwaka 1898, alipozingirwa kule Mlambalasi, akajipiga risasi badala ya kukubali kukamatwa. Walichokikuta ni maiti, nao wakaikata kichwa. Mmh! Adui kashakufa, unamkata kichwa ukipeleke wapi?

Kilipelekwa kwa wasomi, na hapo ndipo roho inaponiuma. Pale Berlin alikuwepo Felix von Luschan, mtu wa makumbusho na profesa wa chuo kikuu. Aliwaomba maafisa, madaktari na wasafiri wa makoloni wamletee mafuvu ayapime, na wao wakamletea. Makaburi yakafukuliwa, na walionyongwa wakaporwa hata vichwa vyao. Fuvu likifika linapigwa namba, linapangwa rafuni. Baba wa watu, mwenye jina na ukoo, anageuka kielelezo cha somo. Mwenye bunduki alikuwa na ukatili wake, lakini msomi ndiye aliyeupa ukatili ule cheti.

Tusidhani Waingereza walimdai Mkwawa kwa huruma. Byatt, aliyeitawala Tanganyika kwa niaba yao, ndiye aliyependekeza: Wahehe wamewasaidia vitani, basi wapozwe, na wananchi waone kwamba Mjerumani hayupo tena. Pale mezani Versailles hapakuwa na Mhehe hata mmoja. Sheria iliandikwa juu ya marehemu wao bila kuwauliza.

Na hata kurudi kwake kulikuwa hivyohivyo. Gavana Twining wa Tanganyika alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen mwaka 1953, akakuta mafuvu kwa mamia. Kalitambuaje la Mkwawa? Kwa tundu la risasi, na kwa vipimo vya kichwa vilivyolinganishwa na vya jamaa zake. Sikilizeni vizuri hapo: elimu ileile ya kupima vichwa, iliyomfanya Mwafrika aibiwe fuvu, ndiyo iliyotumika kusema fuvu ni la nani! Likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Leo lipo Kalenga, na wanahistoria bado wanabishana kama kweli ni lenyewe.

Hapo kijana wa bodaboda kaingilia: "Kaka, watu hawana maji bombani, nyie mnalilia mifupa ya zamani?"

Swali lake si la kubezwa, kwa hiyo namjibu kwa heshima. Ndugu yangu, mwenzetu akifariki hapa Dar, si tunapitisha daftari la michango hapahapa kijiweni? Mwenye elfu mbili anatoa, asiye nacho anakesha matangani, maiti inasafirishwa hadi Bukoba, hadi Songea. Hakuna anayesema tumwache, maji kwanza. Hatuoni kuzika kuwa anasa. Basi kama hatumwachi dereva mwenzetu azikwe ugenini, kwa nini tumwache Mangi Meli?

Maana Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, hajarudi. Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wenzake, na familia inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, amekiomba kwa miaka mingi, na mwaka 2018 alitoa sampuli ya vinasaba ili ilinganishwe na mafuvu yaliyoko Berlin. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia mafuvu hayo ilitangaza matokeo ya utafiti wake kuhusu mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki. Mengi ni ya Rwanda, na takriban 200 ni ya Tanzania. Vinasaba vya mafuvu matatu vilishabihiana na vya jamaa walio hai huku kwetu, na moja likatambulika kuwa la mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuonekana.

Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, mahali walipozikwa mashujaa wa Vita vya Maji Maji, akaomba msamaha. Ni jambo jema, na mtu akiomba msamaha asikilizwe. Lakini familia ya Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906, nayo inasubiri kichwa cha babu yao. Msamaha bila jeneza haujafika nyumbani.

Kijana wa sheria katueleza fundo lilipo. Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 linatambua haki ya watu wa asili kurudishiwa mabaki ya wafu wao, lakini tamko halimkamati mtu mkono. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 haurudi nyuma kuyagusa ya mkoloni. Ujerumani ina miongozo ya maadili kwa makumbusho, nao mwongozo ni ushauri tu. Tazameni Marekani: mwaka 1990 walitunga sheria inayozibana makumbusho na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Orodhesha mabaki ya watu wa asili uliyonayo, wajulishe wenyewe, warudishie. Ina mapungufu, lakini mwenye haki hapigi magoti.

Hicho ndicho ninachokidai. Sitaki hisani. Nataka makubaliano ya nchi na nchi yenye tarehe, yanayosema nani anapima, nani analipa gharama na ukoo gani unapokea. Na safari hii wazee wa ukoo wawe mezani tangu siku ya kwanza, yasijirudie ya Versailles.

Vyuo vyetu navyo visikae pembeni. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini, wakaketi na wazee walioiona Maji Maji kwa macho yao, wakaandika walichosimuliwa. Kazi ile inasomwa mpaka leo. Huo ndio usomi ninaouheshimu, usomi wa kumwendea mtu akiwa hai, umuulize jina lake na la baba yake. Leo tuna chuo kikuu kishiriki Iringa chenye jina la Mkwawa. Wanafunzi wake na wa vyuo vingine watumwe tena Kilimanjaro, Ruvuma na Iringa, waandike koo zilizopoteza watu, nani alinyongwa wapi, nani anadai nini. Bila orodha hiyo, Berlin itaendelea kutuambia haijui fuvu ni la nani, na sisi tutakuwa hatuna la kujibu.

Mwenye babu aliyechukuliwa, aandike jina lake leo na alipeleke kwa mbunge wake. Na mbunge atakayekuja kuomba kura aulizwe hadharani amefanya nini kuhusu jina hilo. Barabara tumuulize, maji tumuulize, na wafu wetu tumuulize pia.